Nakala Tatu za Kitabu cha Bibi Kankindi

Kila nilipotoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuwarudisha nyumbani mbuzi wetu wawili, halafu kunawa mikono kwa sabuni mpaka mama aseme imetakata. Kazi mbili za kwanza kila mtoto wa Mugoma alikuwa nazo. Ya tatu ilikuwa yangu, na niliifanya kwa maringo, nje kabisa, mahali ambapo majirani wangeniona. Mtu akiniuliza, "Wewe Deodata, unanawa hivyo unakwenda harusini?" nilimjibu bila hata kumtazama, "Nakwenda kuandika Biblia."

Mwaka ulikuwa 1995. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, na nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko watoto wote wa shule yetu. Sijisifu, walimu wenyewe ndio waliokuwa wakisema, nami nilikuwa nikiwasikiliza kwa makini sana wanaposema hivyo.

Wakati ule wilaya yetu ya Ngara ilikuwa imejaa wageni. Walivuka mpaka kutoka Burundi na Rwanda wakikimbia vita. Wengi waliishi kambini, lakini wengine waliokuwa na ndugu upande wetu walipokelewa vijijini. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinaelewana, kwa hiyo tulichota maji kisima kimoja, tukalima pamoja na kutaniana pamoja.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Bibi Kankindi. Alivuka mto na kitu kimoja tu, Biblia ya Kirundi iliyofungwa ndani ya kitenge, ameiweka kichwani isilowe. Kigango chetu, yaani kanisa dogo la kijiji, hakikuwa na Biblia yake chenyewe. Ile ya Kiswahili ilikuwa parokiani, Ngara mjini, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na padre alikuja nayo mara moja kwa miezi miwili. Jumapili nyingine zote tulisomewa kitabu cha Bibi Kankindi, wageni na wenyeji pamoja.

Mwezi wa tano zikaja habari njema. Mtoto wa Bibi Kankindi, aliyedhaniwa amekufa, alikuwa hai katika kambi moja huko Kigoma. Bibi alilia, akacheka, akalia tena. Mwisho wa mwezi wa sita lori lingekuja kumchukua yeye na wenzake waliokuwa wakifuata jamaa zao. Na kitabu nacho kingeondoka.

"Hiki ndicho pekee kilichobaki cha nyumbani kwangu," alituambia. "Kukiacha siwezi, wanangu. Lakini maneno yake chukueni, mbebe mpaka mchoke."

Aliyepanga namna ya kuyachukua alikuwa Mwalimu Ndizeye. Huyu naye alikuwa mgeni kutoka Burundi, mrefu, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Kabla ya kuwa mwalimu alisoma seminari miaka mitatu. Alisema kitabu kizima hatutakimaliza, tuchukue Injili ya Luka. Zitengenezwe nakala tatu. Moja ya kigango, ya pili iende Runazi kule Biharamulo, ambako kulikuwa na familia nyingine za Kirundi zinalima mahindi na mihogo, na ya tatu abaki nayo msomaji wa kanisani.

Wanakili tukawa watatu. Mimi kwa sababu ya mwandiko. Nshimirimana, fundi cherehani kijana ambaye angehamia Runazi na nakala yake. Na Josiane.

Josiane alikaa nami dawati moja. Alikuwa akiishi kwa shangazi yake; wazazi wake hakuwazungumzia, nasi tulifundishwa tusimuulize. Aliandika polepole mpaka unatamani kumnyang'anya kalamu. Kijijini watu wengi hawakumwita kwa jina. Walisema, "Yule mkimbizi wa darasa la tano." Ila Katekista Audax, kiongozi wa kigango chetu, alikuwa amemweka katika orodha ya wasomaji, na kila zamu yake ilipofika alisimama mbele ya watu wote na kutangaza kwa sauti, "Somo letu litasomwa na Josiane." Basi siku hiyo Josiane alikuja kanisani amejipaka mafuta hadi magotini. Kama kuna kitu alichokipenda Mugoma, kilikuwa hicho.

Mwalimu Ndizeye alitupa masharti. "Kwanza, hesabu maneno ya aya kitabuni, uandike idadi pembeni mwa daftari. Pili, nakili aya. Tatu, hesabu maneno uliyoyaandika wewe. Idadi zikigoma kulingana, piga mstari juu ya aya nzima uanze upya."

"Mwalimu, si tukwangue tu kwa wembe?" niliuliza. Shuleni wino ulipokosea tulikuwa tukiukwangua taratibu kwa ncha ya wembe, unatoka.

"Hapana. Anayekwangua anaficha. Anayepiga mstari anakiri. Daftari lenye mistari ya kukiri ninaliamini kuliko daftari safi."

Mimi maneno hayo hayakuniingia. Daftari safi ndilo lililokuwa sifa yangu.

Tulipeana zamu, kila mmoja siku mbili kwa wiki, kwenye meza ya Mwalimu karibu na dirisha. Nilikwenda kasi. Nshimirimana alicheleweshwa na nguo za watu, na Josiane alicheleweshwa na Josiane. Nilipofika sura ya kumi na moja, wao walikuwa nyuma huko kabisa.

Sura hiyo inaanza na wanafunzi kumwomba Yesu awafundishe kusali, naye anawapa sala ambayo sisi tuliisali kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Nilipoiona nikafurahi. Hii ya nini kuitazama? Nikaandika idadi pembeni, nikaacha kalamu iende yenyewe. Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza, herufi zimesimama sawasawa, ukurasa mzuri kuliko kurasa zangu zote. Halafu nikahesabu.

Idadi ikagoma. Nilikuwa nimezidisha maneno zaidi ya kumi.

Nikatazama kitabuni vizuri. Sala ya kitabuni ilikuwa fupi! Mambo ya mapenzi ya Mungu kutimizwa hapa duniani hayakuwamo. Na mengine mawili matatu pia hayakuwamo. Nikasoma tena kwa kidole. Hayamo.

Mwalimu alikuwa nje anaongea na mtu. Sharti nililijua: piga mstari, anza upya. Lakini nilitazama ule ukurasa wangu, jamani, nikauonea huruma. Halafu nikajiambia, hivi kweli Mungu angependa sala yake ikatwe? Kitabu ndicho kilichosahau. Nikatoa wembe wa kuchongea penseli, nikaikwangua ile namba pembeni, nikaandika nyingine inayolingana na maneno yangu. Nikapuliza vumbi la karatasi. Nilijiona nimekisaidia kitabu.

Wiki moja kabla ya siku iliyopangwa, honi ya lori ikasikika barabarani. Lori limewahi! Kijiji kizima kilikimbia huku na huku. Josiane ndiyo kwanza alikuwa amemaliza sura ya mwisho jana yake. Nshimirimana alikuwa bado sura ya kumi. Mwalimu alikuwa anahangaikia karatasi za safari za Bibi Kankindi, kwa hiyo Nshimirimana akanijia mimi mbio.

"Dada Deodata, niazime daftari lako siku nne. Nitamalizia kwako, kuanzia kumi na moja."

Nikaukumbuka ule ukurasa niliokwangua. Nikampa. Mwalimu alikuwa amepanga tusome nakala zote tatu sambamba na kitabu chenyewe kabla hakijaondoka, lakini nafasi hiyo haikupatikana. Bibi Kankindi alipandishwa lorini na kitenge chake kifuani, akatupungia mkono mpaka vumbi likamfunika.

Jumapili moja ya mwezi wa saba ilikuwa zamu ya Josiane, na somo lilikuwa hilo hilo, sura ya kumi na moja. Alisimama na daftari lake, akasoma taratibu, sauti safi. Alipofika kwenye sala, watu wakaanza kuisali pamoja naye kwa mazoea. Mara Josiane yuko mbele, watu wako nyuma. Yeye anasema maneno mengine, wao wanasema mengine. Akamaliza yeye peke yake huku kanisa zima bado linaendelea. Watoto wakacheka. Mpaka watu wazima wakacheka.

Baada ya ibada Katekista Audax alimwita mezani. Hakuwa mtu mkali, lakini alipenda mambo yaende kwa utaratibu.

"Josiane, umekula maneno."

"Sikula, Katekista. Niliandika yaliyokuwamo. Nilihesabu."

"Ulihesabu nini? Sala naijua mimi tangu sijaota meno!" Akachukua daftari langu, ile nakala ya kigango, akafungua. "Tazama la Deodata. Kamili. Na idadi yake hii hapa pembeni."

Mzee mmoja aitwaye Faustini, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akasema kwa kicheko, "Hawa wakimbizi wana njaa jamani, hata maneno wanayala!"

Watu wakacheka tena. Josiane hakulia. Alijikaza kisabuni, akakunja tu ncha ya sketi yake na kuikunjua. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilisema moyoni, nitasema kesho.

"Twende parokiani tukatazame Biblia ya padre," Mwalimu Ndizeye alishauri.

"Nitembee nusu siku kuulizia sala ninayoisali kila siku?" Katekista alikataa. "Hapana. Mtoto amefanya uvivu. Tusimlaumu sana, ila neno la Mungu si la kufanyia uvivu. Hatasoma tena, na nakala yake iwekwe kando isije ikapoteza watu."

"Basi tungoje nakala ya tatu," Mwalimu alisema. "Nshimirimana ameshahamia Runazi, lakini anakuja baada ya wiki mbili kuchukua cherehani yake. Nitamtumia ujumbe aje na daftari. Tukiwa na tatu tutapima vizuri."

Katekista akakubali. Wengine walitawanyika wameridhika. Mimi peke yangu nilijua kwamba nakala ya Runazi, kuanzia sura hiyo, ilikuwa mtoto wa nakala yangu. Ingesema nilivyosema mimi. Nilikuwa nimeokoka, wala sikufurahi.

Wiki zile mbili nilizimaliza vibaya. Darasani Josiane aliniazima rula yake kama kawaida, na hilo liliniumiza kuliko kama angenikasirikia. Siku moja akaniuliza, "Deodata, wewe ulipofika pale, ulionaje?"

"Pale wapi?" nilijitia hamnazo.

"Kwenye sala. Labda kurasa mbili zilinatana mimi nikaruka. Nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma. Labda kweli nilikosea."

Loo! Mtu aliyefanya kazi sawasawa alikuwa ameanza kujitilia shaka kwa sababu yangu. Nikamwambia sikumbuki, nikainuka kwenda kuchonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka.

Nshimirimana aliwasili na begi lake Jumamosi mchana, nywele nyekundu kwa vumbi la Biharamulo, daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Tulikusanyika kanisani. Katekista akayaweka madaftari matatu mezani, yamefunguliwa sura ya kumi na moja, akasoma moja baada ya jingine. Josiane: fupi. Deodata: ndefu. Runazi: ndefu.

"Mbili kwa moja," alisema Katekista.

Faustini akapiga makofi. Mwalimu Ndizeye alivua miwani akafikicha macho. Nilimwona kwamba haamini, lakini hana pa kushika.

"Josiane, sikuadhibu," Katekista aliendelea kwa upole. "Ila kusoma, basi."

"Ndiyo, Katekista." Josiane alilichukua daftari lake mezani akamkabidhi kwa mikono miwili. "Naomba tu lisichanwe. Lina kazi ya wiki saba."

Hapo nikashindwa. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ile ya Runazi isihesabiwe! Ni yangu!"

Wote wakanigeukia.

"Yako vipi?" Katekista aliuliza. "Mwandiko ni wa Nshimirimana."

"Mwandiko ni wake, maneno ni yangu. Alinakili kwangu. Muulizeni."

Nshimirimana akajipiga paji la uso. "Ni kweli kabisa! Lori liliwahi, nikaazima daftari lake nikamalizia, kuanzia sura hii hii. Sikufikiri kama ina maana yoyote."

Mwalimu Ndizeye akavaa miwani yake tena, haraka. "Ina maana sana. Kwa hiyo hatukuwa na mashahidi wawili. Tulikuwa na shahidi mmoja na mtoto wake."

"Na shahidi mwenyewe ni mwongo," nilisema. Machozi yalikuwa yananitoka, sikujali. Nikachukua daftari langu nikalipeleka dirishani, nikaunyoosha ule ukurasa kwenye mwanga. Pembeni, chini ya namba, karatasi ilikuwa imekonda mpaka jua linapita. "Nilikwangua. Kitabuni sala ilikuwa fupi, kama ya Josiane. Mimi niliandika kwa mazoea, nilipoona imezidi nikabadilisha namba. Sikutaka kuharibu ukurasa. Nilidhani kitabu kimesahau."

Katekista alilichukua daftari, akalitazama kwenye mwanga muda mrefu, kisha akaketi kwenye benchi kama mtu aliyebeba gunia. Josiane alinitazama.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Faustini. Safari hii hakucheka.

"Basi mimi nina swali, Mwalimu, na mnisamehe. Kama katoto ka darasa la tano kameweza kuongeza maneno, na mwezi mmoja tu umepita, je, hiyo miaka elfu mbili? Wangapi wameshakwangua? Tunajuaje tunachosoma?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe ukurasa wangu mzuri ulikuwa umefika mbali hivyo.

Mwalimu Ndizeye alikohoa, lakini alikuwa anatabasamu. "Swali zuri, mzee wangu, na jibu lake limelala hapo mezani. Mtoto huyu ameongeza. Je, kosa lake limefichika?"

"Halikufichika kwa sababu amekiri."

"Amekiri leo, na amefanya vizuri. Asingekiri, lingekuja kujulikana siku yoyote ambapo mtu aliyenakili kitabu cha Bibi bila kupitia kwake angekuja na daftari lake. Na mmoja alikuwapo tangu mwanzo, Josiane. Sisi ndio tulioshindwa kumsikiliza. Tulihesabu nakala, hatukuuliza mama yao ni nani."

Akavuta benchi akakaa karibu nasi watoto, ingawa alikuwa akimjibu Faustini.

"Injili haikunakiliwa na mtu mmoja mahali pamoja. Wengine walinakili Misri, wengine Siria, wengine Roma, kila watu na lao. Mnakili wa Misri akiongeza neno, nakala ya Siria haina habari naye. Leo nakala za kale za mkono ziko maelfu, nyingine vipande tu. Wataalamu wanazilinganisha kama tulivyofanya hapa. Wanakuta makosa? Mengi! Hakuna anayeandika kwa mkono asikosee. Lakini nakala zikiwa nyingi na zimetoka njia mbalimbali, kosa la mmoja linaumbuliwa na wenzake. Na sala hii hii, wanakili wa zamani waliirefusha hapa hapa katika Luka. Nilifundishwa seminari. Mkono ulifuata kinywa, kama wa Deodata."

"Ulijua, na ukanyamaza?" Katekista alishangaa.

"Nilikumbuka. Nami niliwafundisha watoto hawa wasiamini kumbukumbu waamini kitabu. Ningewezaje kumtetea Josiane kwa kumbukumbu yangu?" Akatugeukia. "Mwaka 1947, karibu na Bahari ya Chumvi, wachungaji waliingia pangoni wakakuta mitungi. Ndani mlikuwa na magombo ya ngozi. Moja lilikuwa kitabu cha nabii Isaya, kilichoandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Nakala za Kiebrania zilizotumika mpaka wakati huo zilikuwa changa kwake kwa kama miaka elfu moja. Watu walikuwa roho mkononi. Wakalinganisha. Tofauti zilikuwapo, herufi hapa, neno pale, lakini kitabu kilikuwa kile kile. Unajua kwa nini? Kwa sababu katikati ya miaka hiyo walipita watu wa polepole. Wengine walihesabu mpaka herufi."

Akamtazama Josiane, na wote tukamtazama Josiane. Safari hii aliinamisha kichwa kwa haya, lakini alikuwa anatabasamu.

"Nimekusikia," Faustini alisema. Kisha akamwendea Josiane, mzee mzima, akavua kofia. "Mjukuu wangu, siku ile nilisema upuuzi. Unisamehe."

"Yamekwisha, babu," Josiane alijibu.

Adhabu yangu ilikuwa kazi. Wiki nzima, mimi, Josiane na Nshimirimana tulikaa na nakala zote tatu tukazisoma sambamba, aya kwa aya, tukipima kwa idadi za pembeni, Luka nzima. Yangu ilikuwa na makosa kumi na tisa. Kumi na tisa, na mwandiko wote ule! Ya Josiane ilikuwa na mawili; katika sura ya kumi na saba aliruka nusu ya aya, hata wakati wa kuhesabu, na nusu hiyo ilikuwa salama kwangu. Alipoiona alinipiga kiwiko.

"Kumbe na wewe una faida," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya utani tangu siku ile, nikayapokea kwa shukrani.

Ukurasa wangu wa sala nilitaka kuuchana. Mwalimu alikataa katakata. "Upige mstari, halafu andika pembeni kilichotokea." Basi nikapiga mstari juu ya ule mwandiko wa kupendeza, na pembeni nikaandika: Maneno haya hayakuwa kitabuni. Niliyaongeza mimi, Deodata, nikakwangua namba. Nshimirimana naye akaandika vivyo hivyo katika ile ya Runazi, akarudi nayo. Kwa hiyo hata Biharamulo wananifahamu.

Katekista Audax, yeye, hakusubiri kuambiwa. Jumatatu alfajiri alipanda baiskeli yake akaenda Ngara mjini, akarudi Jumanne na vumbi hadi kiunoni. Jumapili alisimama mbele ya watu. "Nimeisoma Biblia ya padre kwa macho yangu," alisema. "Katika Mathayo sala ni ndefu. Katika Luka ni fupi, kama alivyosoma binti huyu. Nilimwonea, kwa sababu sikutaka kutembea nusu siku. Naomba msamaha wake mbele yenu." Halafu akanyoosha mgongo akatangaza, "Somo letu litasomwa na Josiane."

Alisoma. Mahali pa sala watu wote walifunga midomo wakamsikiliza, neno kwa neno, mpaka mwisho wake mfupi.

Tulipotoka nje nilimsogelea Mwalimu Ndizeye. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeshuka?"

"Mwalimu, mimi nilitaka kusaidia tu. Maneno niliyoongeza si mabaya. Ni ya kweli."

"Ni ya kweli, katika Mathayo. Sikiliza, Deodata. Mnakili hatumwi kumsaidia mwandishi. Anatumwa kumfikisha kama alivyo, kwa watu ambao hatawaona kamwe. Maneno yamekufikia wewe kwa sababu wengine, miaka na miaka, hawakuyapamba. Ukikosea, na utakosea, sema umekosea, ili anayekuja nyuma yako apate njia. Kosa lililoandikwa pembeni halimpotezi mtu. Kosa lililokwanguliwa lilikaribia kumpoteza Josiane."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Vizuri. Sasa nenda kanawe mikono. Mathayo tunaanza kesho. Padre ametuazima Biblia yake kwa miezi miwili, na Josiane amesema hatafanya kazi na mtu mwingine ila wewe."